Kibanja si Kiwanja: Lugha katika Kumbukumbu za Upangaji wa Vitongoji na Reli ya Kampala, 1927–2024

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wakazi wa vitongoji vya Kampala walivyoandikwa katika kumbukumbu za mipango miji na za reli, na lugha zilizotumika kuwaandika. Yanadai kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku katika makazi ya wafanyakazi ya Nsambya, Nakawa na Naguru, lakini hakikuwa lugha ya majalada yaliyoamua hatima ya makazi hayo. Kwa kuwa Uganda sasa imekubali Kiswahili kama lugha rasmi, na reli mpya ya kutoka Malaba hadi Kampala imeanza kujengwa, swali la istilahi za ardhi na makazi halipaswi kuachiwa mfasiri wa mwisho. Mfano mkuu ni tofauti kati ya neno la Kiganda *kibanja* na neno la Kiswahili *kiwanja*.

1. Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua jinsi Kampala ilivyotoka katika vilima vyake na kuenea hadi Kireka na Kyengera hukutana na kumbukumbu za aina nne. Ya kwanza ni ripoti za wapangaji wa mji, zilizoandikwa kwa Kiingereza na wataalamu walioajiriwa na serikali ya kikoloni. Ya pili ni maandishi ya uendeshaji wa reli, ambayo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 yalitoka katika makao makuu yaliyokuwa Nairobi. Ya tatu ni maandishi ya serikali ya Buganda huko Mengo, ambayo lugha yake ni Kiganda. Ya nne ni tafiti za wanaanthropolojia na wanaisimu waliokaa katika vitongoji hivyo miaka ya 1950 na 1960.

Aina hizi nne husomwa na watu tofauti. Mwanahistoria wa miji huanza na ripoti za mipango, mwanauchumi huanza na takwimu za shehena, na mwanaisimu huanza na tafiti za matumizi ya lugha. Makala haya yanazisoma pamoja kwa kuuliza swali moja: mkazi wa kitongoji anaitwaje katika kila jalada, na jina hilo linampa haki gani? Swali hili linawahusu pia washauri wa sera, kwa maana jina ambalo mkazi anapewa katika waraka wa leo ndilo litakaloamua kama atalipwa fidia kesho.

2. Mipango miwili ya mji mmoja

Msingi wa tatizo uliwekwa na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Mkataba huo uligawa ardhi ya Buganda na kuzaa umiliki wa *mailo*, neno lililotokana na maili za mraba ambazo ardhi hiyo ilipimwa kwazo. Tangu hapo palikuwa na Kampala mbili zilizopakana. Moja ilikuwa manispaa ya kikoloni, yenye ardhi iliyopimwa na kanuni za ujenzi. Nyingine ilikuwa Kibuga, mji mkuu wa Kabaka, uliotawaliwa kutoka Mengo hadi miaka ya 1960 ulipounganishwa na jiji.

Ripoti za mipango ziliangalia upande mmoja tu. A. E. Mirams, aliyetoa mpango wake mwaka 1930, alishughulikia eneo la manispaa. Kibuga kilibaki nje ya mstari wa ramani ingawa ndiko walikolala wengi wa watu waliofanya kazi mjini. Baada ya migomo ya Januari 1945, suala la makazi ya wafanyakazi Waafrika halikuweza kuahirishwa tena. Ernst May, msanifu Mjerumani aliyekuwa amepata sifa kwa makazi ya wafanyakazi aliyoyasimamia Frankfurt katika miaka ya 1920, alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala upande wa Kololo na Naguru. Ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Baadaye Henry Kendall, aliyekuwa amepanga miji ya Palestina kabla ya kufika Uganda, aliendeleza kazi hiyo na kuchapisha kitabu kuhusu mipango miji ya Uganda mwaka 1955.

Kutokana na juhudi za kipindi hicho yalipatikana makazi ya Nakawa na Naguru, mashariki mwa mji. Katika lugha ya ripoti, mkazi wa makazi hayo ni mpangaji wa serikali: anapewa nyumba kwa sababu ana kazi, naye huipoteza kazi inapokwisha. Upande wa Kibuga mambo yalikuwa mengine. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 ilikuwa imeweka kikomo cha kodi na ushuru ambao mwenye mailo angeweza kumtoza mkulima aliyekaa katika ardhi yake, na ilimlinda mkulima huyo asifukuzwe ovyo. Mkazi wa Kibuga aliyelipa *busuulu* alikuwa na kibanja. Hakuwa mwenye ardhi, wala hakuwa mpangaji wa nyumba. Ripoti za mipango, zilizozoea kugawa watu katika mafungu ya mwenye mali na mpangaji, hazikuwa na fungu la kumwekea.

3. Reli iliyopita vitongojini bila kusimama

Njia kuu ya reli kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, baada ya kuvuka Nile kwa daraja la Jinja. Mwaka 1956 iliendelezwa magharibi hadi Kasese, karibu na machimbo ya shaba ya Kilembe. Miaka hiyo miwili inaeleza kusudi la reli: pamba, kahawa na shaba zishuke pwani, na bidhaa za viwandani zipande bara. Eneo la viwanda la Kampala lilikua kando ya reli kwa sababu hiyo hiyo.

Ukisoma ripoti za mipango na za reli bega kwa bega, utaona kwamba zilikutana mahali pachache sana. Kwa mpangaji wa mji, reli ilikuwa mpaka: upande huu viwanda, upande ule makazi. Kwa mwendeshaji wa reli, kitongoji kilikuwa mahali pa kulaza wafanyakazi wake, hasa pale Nsambya. Wazo kwamba mkazi wa Nakawa au Kireka angepanda treni asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni halikuwa na mtetezi mwenye nguvu upande wowote. Njia ilipita karibu na nyumba yake, lakini yeye alikwenda kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi.

Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, liliendesha mtandao wa nchi tatu kutoka Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi iliunda shirika lake, na Uganda ikapata Shirika la Reli la Uganda. Mgawanyo huo uligusa injini, mabehewa na madeni, na pia uligusa kumbukumbu. Maamuzi mengi kuhusu stesheni, nyumba na ardhi ya reli ya Kampala yalikuwa yamefanywa na kuandikwa Nairobi. Kwa hiyo mtafiti wa leo anayetaka kueleza kwa nini mpaka wa hifadhi ya reli unapita alipojenga mkazi wa Namuwongo hulazimika kuifuata historia ya mtaa mmoja katika nchi mbili.

4. Lugha ya uani na lugha ya jalada

Ni aina ya nne ya kumbukumbu inayoturudisha kwa watu wenyewe. R. D. Grillo alifanya utafiti wake miongoni mwa wafanyakazi wa reli wa Kampala katikati ya miaka ya 1960 na kuuchapisha mwaka 1973. Anawaonyesha watu waliohamishwa mara kwa mara katika mtandao wa Mombasa, Nairobi na Kampala, ambao undugu wao ulijengwa na kazi kadiri ulivyojengwa na kabila. Neno *landhi*, lililohifadhiwa hadi leo katika jina la barabara moja kubwa ya Nairobi, linakumbusha kwamba makazi ya reli yalikuwa na msamiati wake uliosafiri pamoja na wafanyakazi.

David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alichunguza Nakawa na Naguru wakati Uganda ilipokuwa inapata uhuru. Wakazi wengi walikuwa wageni katika Buganda: Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, pamoja na watu wa kaskazini na mashariki mwa Uganda. Kiswahili kilikuwa nyenzo ya ujirani kwa watu hao. Carol Myers Scotton, katika utafiti wake wa mwaka 1972 kuhusu uchaguzi wa lugha Kampala, alieleza sababu kwa ufasaha: Kiswahili hakikuwa cha kabila lolote lililoshindania nafasi mjini, hivyo aliyekitumia hakujipandisha wala hakujishusha mbele ya mwenzake. Uchunguzi wa lugha wa taifa zima uliofanywa na Ladefoged, Glick na Criper, ambao matokeo yake yalichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulionyesha kwamba asilimia 39 ya watu waliweza kuzungumza Kiganda, asilimia 35 Kiswahili, na asilimia 21 Kiingereza.

Takwimu hizo zinafaa kuwekwa kando ya majalada. Lugha ya tatu kwa idadi ya wasemaji ndiyo iliyokuwa lugha ya mipango na ya reli. Lugha ya pili, ambayo majirani wa Nakawa waligombania na kupatania kwayo, haikuwa na jalada. Malalamiko kuhusu bomba la maji au kodi ya nyumba yangeweza kusemwa uani kwa Kiswahili, lakini yalipofika ofisini yalikwisha kuwa sentensi ya Kiingereza iliyotungwa na mtu mwingine.

Haitoshi kusema kwamba wakoloni walikidharau Kiswahili. Mwaka 1927 Gavana William Gowers ndiye aliyependekeza kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala wa Uganda. Waliompinga walikuwa Kabaka Daudi Chwa, viongozi wa Buganda na wamisionari. Upinzani wa Buganda ulikuwa na mantiki yake. Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mjadala wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na Waganda walijua yaliyoipata ardhi ya Kenya mikononi mwa walowezi. Kiswahili kilichoshuka kutoka juu kilisikika kama hatua ya kwanza ya kupoteza ardhi. Tangu mwanzo, basi, suala la lugha na suala la ardhi katika Kampala halikuwezekana kutenganishwa.

Matukio ya baadaye yaliongeza shaka hiyo. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza wafanyakazi Wakenya kwa maelfu, na makazi ya mashariki mwa Kampala yakapoteza sehemu kubwa ya majirani walioyafanya yazungumze Kiswahili. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri. Kwa wakazi wengi wa mji, lugha iliyokuwa ya ujirani ikawa lugha ya kizuizi cha barabarani, na sifa hiyo haijafutika kabisa.

5. Kibanja, kiwanja na muzigo

Tuje sasa kwenye maneno yenyewe. *Kibanja* na *kiwanja* ni ndugu wa asili moja ya Kibantu, na hilo ndilo linalowafanya wawe hatari. Mfasiri mwenye haraka akikutana na kibanja katika waraka wa Kampala, mkono wake huenda wenyewe kwenye kiwanja. Lakini kiwanja katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya ni kipande cha ardhi, kwa kawaida kilichopimwa kwa ajili ya ujenzi, au uwanja tu kama wa mpira. Kibanja katika Buganda ni uhusiano wa kisheria. Mtu anaweza kuwa na kibanja juu ya ardhi ambayo hati yake iko mkononi mwa mtu mwingine, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda mkaaji halali wa aina hiyo. Juu ya udongo mmoja zipo haki mbili na watu wawili.

Fikiria sasa waraka wa fidia unaosema kwamba mwenye kiwanja atalipwa. Msomaji wa Dodoma atamfikiria mwenye hati, na mwenye mailo atafurahi kusomwa hivyo. Mwenye kibanja, aliyezikia wazee wake hapo na kulipa busuulu, ametoweka katika sentensi bila mtu yeyote kukusudia kumtoa. Katiba ya Uganda, katika ibara ya 26, inataka fidia ya haki itolewe kabla ya mali kuchukuliwa. Kosa la istilahi linaweza kuitimiza ibara hiyo kwa mtu mmoja na kuivunja kwa jirani yake.

Mfano wa pili ni *muzigo*, na kwa wingi *mizigo*. Katika Kampala hivi ni vyumba vya kupanga, vilivyojengwa kwa safu, ambamo familia nzima huishi katika chumba kimoja. Katika Kiswahili sanifu mzigo ni kitu kinachobebwa, na treni ya mizigo ni ile isiyobeba abiria. Sentensi inayosema kwamba reli itahudumia mizigo ya Namuwongo ina maana mbili zinazopingana, kutegemea msomaji anasimama upande gani wa Malaba. Mpangaji wa muzigo naye ana haki tofauti na za mwenye kibanja na mwenye mailo, kwa hiyo katika chumba kimoja zaweza kukutana haki tatu. Orodha ya waathirika yenye safu moja tu ya “mwenye mali” itamwona mmoja wao.

Kinyume chake, yapo maneno ambayo mji uliyaelewa vizuri kuliko ofisi. Waganda waliita treni *eggaali y'omukka*, jina linalolingana neno kwa neno na gari la moshi la Kiswahili. Reli ilipofika, watu wa kawaida walikuwa na uwezo wa kuipokea katika lugha zao bila kamati. Kilichokosekana ni njia ya kuupeleka uelewa huo kwenye jalada.

6. Utetezi wa reli ya abiria

Treni za abiria zilikoma nchini Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Desemba 2015 treni ya kitongojini ilianza kati ya Kampala na Namanve, ikipitia Nakawa, Kireka na Namboole, kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Jiji la Kampala na Rift Valley Railways, kampuni iliyokuwa imekodishiwa reli tangu mwaka 2006. Ilikwenda asubuhi na jioni. Tangu hapo imesitishwa na kurejeshwa zaidi ya mara moja. Iliitikia hitaji lililokuwepo tangu enzi ya Ernst May, lakini ilitanguliwa na tukio jingine: mwaka 2014 vibanda na nyumba zilizokuwa katika hifadhi ya reli mjini zilibomolewa. Mapema zaidi, mwaka 2011, makazi ya Nakawa na Naguru nayo yalikuwa yamebomolewa kupisha mradi wa mji mpya, na mgogoro wa ardhi hiyo ukaendelea hadi kuchunguzwa na kamati ya Bunge miaka kumi baadaye.

Hivyo mkazi wa mashariki mwa Kampala amekutana na reli na mipango kwa sura mbili: inayombeba na inayomwondoa. Anayetetea reli ya abiria bila kuishughulikia sura ya pili atashangaa kuona walengwa wake wakisitasita.

Dar es Salaam inatoa mlinganisho wenye mafunzo. Treni za abiria za jijini zilipoanza mwaka 2012, wananchi waliiita “treni ya Mwakyembe”, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Mabasi yaendayo haraka yaliitwa “mwendokasi”, na treni ya umeme yenye pua kali ikapata jina la “mchongoko”. Majina haya ni zaidi ya utani. Yanaonyesha kwamba mjadala wa usafiri wa umma unafanyika katika lugha moja tangu kituoni hadi bungeni, kiasi kwamba abiria anaweza kumtaja waziri kwa kutaja treni. Haimaanishi kwamba Dar es Salaam haina bomoabomoa; anayo kila anayeishi kando ya njia. Inamaanisha kwamba anayebomolewa anaweza kuusoma waraka na kuubishia kwa maneno yale yale.

7. Hitimisho na mapendekezo

Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake. Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Ni vigumu kupata wakati unaofaa zaidi wa kuunganisha sera ya lugha na sera ya reli, na ni rahisi kuupoteza kwa kuanza na mabango ya stesheni.

Pingamizi moja linastahili jibu. Vitongoji vya Kampala leo huzungumza Kiganda zaidi ya Kiswahili, na mtu anaweza kuuliza kwa nini Kiswahili kiletwe katika suala la fidia hata kidogo. Jibu ni kwamba hakipaswi kuchukua nafasi ya Kiganda. Kazi yake ni kuunganisha ushoroba mzima, tangu Mombasa hadi Kampala, ambako nyaraka za fedha, ardhi na ujenzi zitasomwa na watu wa nchi kadhaa. Kwa kazi hiyo Kiswahili kinapaswa kuyapokea maneno ya Buganda kama yalivyo.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, *kibanja*, *mailo*, *busuulu* na *muzigo* yaingizwe katika istilahi za Kiswahili za sheria na mipango kwa maana zake za Uganda, na yasitafsiriwe. Kiswahili kilichukua *stesheni* bila kupoteza heshima yake. Hakitapungukiwa kwa *kibanja*. Pili, mikutano ya wananchi kuhusu njia ya reli iandikwe katika lugha iliyozungumzwa, na maandishi hayo yahifadhiwe pamoja na tafsiri, ili kauli ya mkazi isibaki tu katika muhtasari wa mtaalamu. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ishirikiane na nyaraka za taifa za Uganda na Kenya kutayarisha faharasa ya pamoja ya kumbukumbu za reli na ardhi ya Kampala, yenye istilahi za Kiingereza, Kiganda na Kiswahili.

Kati ya mapendekezo haya, la kwanza ndilo lisilohitaji bajeti kubwa, na ndilo la haraka zaidi. Orodha za fidia huandikwa kabla ya reli kutandikwa. Jina likishaingia katika safu isiyo yake, mwenye kibanja atahitaji wakili ili kurekebisha kosa ambalo mfasiri angeweza kuliepuka kwa kuliacha neno lake lilivyo.